Draya isiyo na bomba la nje: miezi 14 ndani ya fleti Tudor, karibuni mniulize

UmmuTudor

Assalaam aleikum, hamjambo wote. Tangu nitaje kule kwenye uzi wa friji humu jukwaani kwamba nyumbani nina draya, yaani mashine ya kukaushia nguo, nimeulizwa faraghani na watu wasiopungua kumi, na swali ni lile lile: Mombasa hii yenye jua, draya ya nini? Basi naeleza hapa mara moja.

Twakaa fleti Tudor, ghorofa ya tatu, watu watano, wawili kati yao wa chekechea. Baraza la nyuma lina nafasi ya mtu mmoja na karai lake, tena linatazama ukuta wa jirani. Jua hupita pale asubuhi dakika ishirini, likaenda zake. Kule juu darini kuna matangi, madishi, na kamba mbili za kugombaniwa na fleti kumi na mbili. Ukibahatika kupata kamba, kunguru nao washabahatika kupata nguo zako. Kuna Ijumaa moja kanzu ya baba watoto ilifuliwa mara tatu kabla ya adhuhuri. Mara ya tatu aliivaa mbichi.

Lakini kilichonishinda ni masika. Mwezi wa tano mwaka jana yunifomu za watoto zilikaa kwenye kichanja sebuleni siku tatu, feni ikizipuliza usiku na mchana, na siku ya nne zikanuka uvundo. Mnaijua harufu ile. Unafukiza udi hadi macho yakutoka machozi, nguo yapendeza, lakini mtoto akitoka jasho kidogo tu, uvundo huo warudi.

Nilianza na draya ya mtumba, ile ya kondensa ya kawaida, shilingi 35,000. Hapa ndipo watu wanapopoteza pesa, kwa hivyo nitakaa kidogo. Draya ya kizamani ina bomba nene la kutupa hewa ya moto nje dirishani. Hizi zisizo na bomba huzungusha hewa ile ile humo humo ndani: inapashwa moto, inapita kwenye nguo na kubeba unyevu, kisha inapozwa, mvuke unageuka maji, kama gilasi ya maji ya barafu inavyotoa jasho mezani. Maji huingia kwenye kitangi unachokivuta kama droo.

Sasa, inapozwa na nini? Kondensa ya kawaida hupozwa na hewa ya chumba chako mwenyewe. Kijitabu chake kilisema chumba kiwe kati ya nyuzi 5 na 35. Jikoni kwangu mwezi wa pili, kaskazi imelala, mlango nimeufunga ili kelele isiamshe watoto, kipimajoto kilisoma 38. Mvuke ukawa haugeuki maji vizuri, unatoroka, kuta zikatoka jasho, nguo zikazunguka saa mbili na nusu, na mimi sebuleni najipepea kwa kifuniko cha sufuria. Siku moja niliwasha kiyoyozi cha chumbani ili tuweze kulala huku draya ikiendelea. Nalipia moto, kisha nalipia baridi ya kuufukuza moto! Niliiuza mwezi huo huo.

Sasa nina ya pampu ya joto, ya kilo 8, imekaa juu ya mashine ya kufulia ya kilo 8 yenye mlango wa mbele. Hii ina kompresa na gesi kama friji. Upande wa baridi unatoa maji kwenye hewa, upande wa moto unaipasha hewa hiyo hiyo upya, kwa hiyo joto linatumika tena badala ya kumwagwa jikoni. Chumba kinapata vuguvugu, basi. Nimesoma mita kabla na baada, mzigo wa kama kilo sita mchanganyiko: ile ya mtumba uniti 3.7, hii uniti 1.5. Kwa jinsi tokeni za umeme zinavyonijia, uniti yanitoka kama shilingi 28. Piga hesabu mwenyewe.

Bei: ya kufulia 62,000, draya 118,000. Zote mbili zimechukua sentimita 60 kwa 60 za sakafu, kimo kama mita 1.7, pale palipokuwa na kabati la masufuria. Masufuria sasa yako chini ya kitanda, na kwa hilo mama mkwe hajanisamehe.

Haya, ulizeni.

Kaskazi77

Laki na themanini kukausha nguo! Dada, mimi mama wa kufua nampa 600, mara mbili kwa wiki. Kwa hizo pesa zako atanifulia karibu miaka mitatu, na ananiletea habari za mtaa mzima bila malipo ya ziada.

UmmuTudor

@Kaskazi77 kaka, wangu bado anakuja. Zile za mikono, mazulia, viatu vya shule, bado ni zake. Lakini yeye akishafua mwezi wa tano aondoka, anakuachia beseni tatu za nguo mbichi na mvua inamiminika. Kufua sijawahi kulalamika mimi. Kukauka ndiko.

BiMakadara

Wanangu, mimi nimefua kwa mikono tangu sijaolewa, na sasa nina wajukuu. Nguo haitaki jua, yataka upepo. Jua la adhuhuri lapausha leso, lakausha ugumu kama karatasi. Geuza ndani nje, anika kivulini penye upepo wa kusi, vibanio viwili, usiikunje juu ya kamba. Saa mbili yashakauka. Mashine hizo za moto zitawamalizia nguo, mwaka mmoja leso yabaki kama chujio la chai.

UmmuTudor

@BiMakadara shikamoo bi. Kwa upepo umesema kweli tupu, na sibishani na wewe. Mimi mwenyewe siku za kusi kali kama wiki hii naanika kwanza barazani. Nguo zikishaondokwa na ubichi wa kutonatona nazitia draya dakika ishirini za kumalizia, zinatoka laini, hazitaki hata pasi. Leso zangu siziingizi kabisa, wala buibui. Nguo za watoto, taulo, shuka, foronya, soksi, hizo ndizo za draya.

Na kweli nguo zinachakaa. Yale manyoya ninayokusanya kwenye chujio kila mzigo ni nguo yenyewe inayoondoka kidogo kidogo.

BiMakadara

Marahaba mwanangu. Angalau wasema kweli.

FundiWaya

Mimi ni fundi wa friji na mashine, niongeze mawili matatu.

Kwanza, watu wanauliza draya gani, na hawaulizi mashine ya kufulia inakamua vipi. Kukamua ni bei rahisi, kuvukiza ni ghali. Lita moja ya maji kuigeuza mvuke yataka zaidi ya nusu uniti ya umeme, hiyo ni kanuni ya maji yenyewe, haina mtengenezaji. Chukua kilo tano za nguo za pamba. Ukizikamua kwa mkono zinaweza kubaki na maji uzito wake wenyewe, lita tano. Mashine ya mizunguko 1000 kwa dakika itaacha kama lita tatu. Ya 1400 itaacha kama mbili na nusu. Hizo lita zilizotoka kwa kuzungushwa zimekugharimu umeme usiofika hata bei ya mandazi. Mwenye pesa ya kitu kimoja tu anunue mashine ya kufulia ya 1400 na feni. Draya ije baadaye, au isije.

Pili, soketi. Plagi zetu za miguu mitatu zina fyuzi ya ampea 13. Draya ya kondensa ya kawaida ya wati 2500 peke yake inavuta zaidi ya ampea 10. Mashine ya kufulia ikipasha maji inavuta 8 na kitu. Ukiziweka kwenye ekstensheni moja zikaamua kupasha kwa pamoja, unapita 18. Nimebadilisha soketi zilizoyeyuka Kizingo, Ganjoni, Mikindani, kote. Draya za pampu ya joto nyingi hazifiki wati 1000, hizo zina nafuu, lakini kila mashine bado ipewe soketi yake ya ukutani.

UmmuTudor

Ekstensheni yangu ya kwanza ilibadilika rangi kutoka nyeupe ikawa ya kahawa ya tangawizi. Sikutaka kuitaja. Lakini kwa kuwa fundi amefungua mlango, basi.

Mzalendo_Likoni

Niwahi kabla mtu hajashawishika na zile mbili-katika-moja, ya kufua na kukausha pipa moja. Mie niliinunua kwa sababu ya nafasi, na dukani wakaniambia "kilo nane". Kilo nane kufua, kukausha tano! Kwa hiyo unafua, unafungua mlango, unatoa karibu nusu ya nguo mbichi, unaziweka kwenye beseni zisubiri zamu. Nusu ya kwanza inazunguka saa tatu.

Hilo ningevumilia. Ambalo sikuvumilia ni hili: yangu inapoza mvuke kwa maji ya mfereji. Inapokausha inavuta maji na kuyamwaga. Sisi huku maji yakikatika twanunua kwa mkokoteni, mtungi shilingi 30, tunapandisha ngazi. Kwa hivyo nilikuwa nanunua maji ili nikaushe nguo. Mke wangu alivyogundua alicheka mpaka akakaa chini.

Kaskazi77

😂😂 Kununua maji ukaushe nguo. Hii naihifadhi.

UmmuTudor

Na yangu ni kinyume chake, inanipa maji. Kila mzigo kama lita tatu kwenye kitangi. Siyo ya kunywa, yana vumbi la nguo, lakini hayana chumvi wala chokaa. Nayachuja kwa kitambaa, nayatia kwenye pasi ya mvuke. Tangu nianze, pasi yangu haijatema ule uji mweupe kwenye kanzu. Yanayobaki napigia deki.

Maalim_mdogo

Samahani nikiingilia, kuna mtu ameniuliza pembeni kuhusu tahara, nguo za mtoto zikiingia mashine na za kuswalia. Najisi iondolewe kwanza kwa maji kabla nguo haijaingia. Baada ya hapo mashine inamwaga maji machafu na kuingiza safi mara kadhaa, na wengi wametosheka na hilo. Mwenye wasiwasi amuulize shekhe wake wa karibu. Draya yenyewe haina neno, hewa tu.

KisimaBamburi

Nina shida na nimeona hapa kuna fundi. Niko Bamburi, nyumba ya kujitegemea, maji ni ya kisima. Nilinunua draya ya pampu ya joto miezi mitatu iliyopita. Inafanya kazi, nguo zinakauka, lakini HAIMALIZI. Inaonyesha dakika 12 zimebaki, inabaki hapo hapo saa nzima. Juzi niliingiza taulo nane, saa mbili na dakika kumi nikaizima mwenyewe. Taulo kavu kama makuti, zinawaka moto mkononi, na kioo bado kinasema dakika 12. Duka wamekuja, wakaitazama, wakasema ni "unyevu wa Mombasa", wakaondoka.

FundiWaya

Wasafisha chujio? Lile la mlangoni na la chini?

KisimaBamburi

Kila mzigo. La chini kila wiki.

Mzalendo_Likoni

Labda unajaza kupita kiasi. Taulo nane ni nyingi.

KisimaBamburi

Kilo nne na nusu, nilizipima kwa mzani wa dukani kwa jirani. Draya ni ya kilo nane.

FundiWaya

Sawa. Tazama ndani ya pipa, karibu na mlango, kuna vipande viwili vya chuma vyembamba vimelala sambamba. Hivyo ndivyo vinavyopima ubichi. Nguo mbichi ikivigusa vyote viwili, umeme mdogo sana unapita kwenye maji ya nguo. Nguo ikikauka haupiti, mashine inajua imemaliza. Watu wanaotumia sabuni ile ya kulainisha nguo huviacha na utando, vinasoma vibaya. Futa kwa kitambaa chenye siki, kausha, jaribu tena.

ShemejiMtukufu

Wakati mwenzetu anafuta, nina swali dogo. Shemeji yangu yuko Minnesota, anahama, anataka kunitumia seti yake kwenye kontena, ya kufua na draya isiyo na bomba, ndogo za inchi 24, karibu bure. Nichukue?

FundiWaya

Usichukue. Marekani soketi za kawaida ni volti 120, na umeme wao ni hezi 60, yaani mawimbi 60 kwa sekunde. Kwetu ni 240, hezi 50. Zile draya zao zenye plagi kubwa hupata 240, sawa, lakini hezi bado ni 60. Transfoma itakushushia volti, hezi haigusi. Mota na pampu iliyotengenezwa kwa 60 kwenye 50 itazunguka polepole na kupata moto, na vipuri utavitafuta mpaka uchoke. Wenye jamaa Uingereza au Dubai wana bahati, huko hezi ni 50 kama kwetu. Mwambie shemeji aiuze akutumie hizo dola.

ShemejiMtukufu

Nimempa salamu zako. Amenuna kidogo.

KisimaBamburi

Nimefuta kwa siki. Kweli kitambaa kilitoka na utando wa kijivu. Taulo zile zile, nimefua upya. Safari hii ilishuka mpaka dakika 8. Kisha ikaganda hapo.

UmmuTudor

Maji yako ya kisima, yana chumvi?

KisimaBamburi

Yana chumvi ya kuwekea mihogo. Chai hatupikii. Bomba la bafuni limeota mawe meupe. Kwa nini?

UmmuTudor

Nauliza tu, kwa sababu fundi amesema umeme unapita kwenye maji ya nguo. Maji ya chumvi si yanapitisha umeme zaidi?

FundiWaya

Dada, umeniwahi. Nilikuwa juu ya ngazi kwa mtu na nikalifikiria hilo hilo.

Ndiyo. Mashine imefundishwa kwa maji ya kawaida: umeme ukipita kiasi hiki, basi ubichi ni kiasi hiki. Nguo iliyosuuzwa kwa maji ya chumvi, hata unyevu kidogo tu uliobaki unapitisha umeme mwingi, kwa hiyo mashine inaamini bado mbichi. Na chumvi yenyewe inavuta unyevu hewani, kila mtu wa pwani aliyewahi kufungua kopo la chumvi mwezi wa nne anajua. Baadhi ya draya zina mahali pa kurekebisha hili kwenye menyu. Tafuta kwenye kijitabu palipoandikwa kuhusu ugumu wa maji au kiwango cha ukavu.

Ila kabla hujachezea menyu, thibitisha. Fua taulo kama kawaida, kisha zisuuze mwisho kwa maji matamu kwenye beseni, zirudishe kwenye mashine zikamuliwe tu, halafu draya.

KisimaBamburi

Maji matamu ya mfereji huku yametoka mara ya mwisho Jumanne ya wiki jana. Lakini mvua ilinyesha usiku na nina pipa chini ya mfereji wa bati. Nitatumia ya mvua.

Kaskazi77

Nipo hapa nasubiri matokeo ya taulo za mtu wa Bamburi kama fainali ya kombe. Maisha yamenifikisha wapi.

DadaKongowea

Mimi niulize la mwanzo kabisa. Mashine yangu ya kufulia, siyo draya, ilipowashwa mara ya kwanza ilitembea kutoka bafuni mpaka mlangoni. Yaani ilitembea. Mama alisoma dua. Ni mbovu?

FundiWaya

Nyuma ya mashine kuna skrubu nne ndefu zenye vifuniko vya plastiki. Ni za kuzuia pipa lisicheze safarini. Zitoe zote nne, ziweke, utazihitaji ukihama.

DadaKongowea

...zipo. Zote nne.

FundiWaya

Hujambo. Si wa kwanza. Na wanaonunua draya ya pampu ya joto, isilazwe kwenye tuktuk. Isafiri imesimama. Ikilazwa, mafuta ya kompresa yanatangatanga. Isimamishe na uiache mpaka kesho yake kabla ya kuiwasha, kama friji.

Nyingine ya huku kwetu: usiiweke kwenye baraza linalotazama bahari. Mapezi ya kupozea ni ya alumini nyembamba, upepo wa chumvi unayala, na bodi linaota kutu kuanzia chini kwenye miguu. Nyali nimeona mashine ya mwaka mmoja ina umri wa nahodha.

Mwana_Mjikale

Na sisi wa Mji wa Kale je? Nyumba yetu ni ya zamani, ngazi ya kupinda, upana wa mtu na nusu. Hata jeneza latolewa kwa mashauri.

UmmuTudor

Pima ngazi kabla ya kulipa, sentimita 60 za mashine na mikono ya wabebaji juu yake. Na ya kufulia ndiyo nzito zaidi, ndani ina matofali ya zege ya kuizuia isiruke. Ndiyo maana yeye hukaa chini na draya juu, kamwe si kinyume. Zipo pia nyembamba za kina cha sentimita 45, lakini hizo mzigo wake ni mdogo. Kwa nyumba zenu zenye dari la wazi na upepo wa bandarini, mimi ningekaa na kamba. Wallahi. Ningenunua tu ya kufulia.

Tangi la maji mwaliweka wapi?

Mwana_Mjikale

Juu ya choo, ghorofa hiyo hiyo. Kama mita mbili.

FundiWaya

Hata ya kufulia itakusumbua. Nyingi zataka shinikizo la nusu baa, na hiyo ni kama tangi liwe mita tano juu ya mashine. Kwa mita mbili itajaza polepole mpaka ikate tamaa ikuonyeshe herufi na namba. Pampu ndogo itatibu, lakini ni kelele, na umeme ukienda nayo imeenda.

Kaskazi77

Umeme ukienda katikati ya draya je?

UmmuTudor

Fungua mlango, toa nguo, zitandaze kitandani. Ukiziacha humo moto umefungiwa, zinakunjamana na kurudi unyevu. Tena hata umeme usipokatika, zikishamaliza zitoe mara moja, uzikunje, uzitie kabatini. Pamba ya draya ikikaa wazi hapa Mombasa inakunywa hewa, jioni waigusa ina ubaridi ule kama haijakauka. Nilidhani mashine imeharibika wiki ya kwanza, kumbe ni mji.

Umeme ukirudi kwa kishindo, hilo tofauti. Nina kile kifaa cha friji kinachosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme. Kompresa ni ile ile, yahitaji kinga ile ile.

Kaskazi77

Na tokeni kwa mwezi? Sema ukweli, hatumwambii shemeji, baba watoto wako.

UmmuTudor

Masika, mizigo minne kwa wiki, kama uniti 25 kwa mwezi za draya peke yake. Mwezi kama huu, chini ya 8, kwa kuwa ni kumalizia tu. Kinachouma si hizo uniti, ni kwamba nyumba nzima ikipita uniti 100 kwa mwezi unaingia bei ya juu, na kampuni ya umeme hutazama wastani wa miezi mitatu. Kwa hivyo masika yananifuata mpaka mwezi wa nane.

KisimaBamburi

Nimerudi.

Taulo zile zile nane. Nimefua kwa maji ya kisima kama kawaida. Nikajaza beseni mbili za maji ya mvua, nikasuuza kwa mkono, mke wangu akiniuliza kama niko sawa. Nikarudisha kwenye mashine, kukamua tu, 1400. Draya, programu ile ile ya pamba.

Ilianza na saa 1 dakika 35. Ilipofika dakika 12 nikavuta kiti.

Ikashuka 11. Ikashuka 10. Saa moja na dakika ishirini na mbili ikapiga kengele ikajizima yenyewe. Taulo kavu, vuguvugu, hazijaungua. Nimekaa na mashine hii miezi mitatu na sikuwahi kuisikia kengele yake.

Kaskazi77

GOOOLI.

FundiWaya

Safi sana. Sasa usisuuze kwa mkono maisha yako yote. Ingia kwenye menyu urekebishe kiwango cha ukavu kishuke daraja moja au mbili. Kama menyu haina, tumia programu ya muda, weka saa moja na robo, usiitegemee ile ya kujipima. Na ukipata tangi la pili la maji ya mvua, liunganishe na mashine ya kufulia peke yake. Mzigo mmoja ni lita 50 hivi, tangi la lita 1000 litakupa mizigo ishirini, na hita ya ndani haitaota mawe kama bomba lako la bafuni.

KisimaBamburi

Menyu ipo. Ilikuwa daraja la juu kabisa, dukani ndivyo walivyoiacha. Nimeshusha mbili. Kesho nafua shuka kwa maji ya kisima matupu nione.

BiMakadara

Mwanangu wa Tudor, nimewasoma nyote tangu jana. Hiyo draya yako, shuka la sita kwa sita laingia?

UmmuTudor

Laingia bi, moja kwa moja, si mawili pamoja. Mawili yanajiviringa kama chapati, la ndani linabaki bichi. Kwani kuna nini?

BiMakadara

Hakuna kitu. Nauliza tu. Mwezi wa tano mjukuu alikojoa kitandani siku tano mfululizo.